Leseni ya Mkandaji wa Kondele

Kondele, Kisumu
12 Februari 1989

Dada yangu Dorca,

Nakusalimu wewe, shemeji Joram, Opiyo na wadogo zake, na majirani wote wanaoniulizia. Mimi sijambo. Joto la Kisumu mwezi huu linaingia hadi ndani ya godoro, lakini afya ipo na chakula kipo. Utepe wa taipu yangu umechakaa, nami siwezi kujua ni wapi umeacha kuandika. Ukikuta neno limekatika, limalizie mwenyewe. Unajua ninavyosema.

Nimeacha kazi ya hotelini. Usishtuke, sikufukuzwa. Pale nilikuwa nakanda mtalii mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na siku zilizobaki nakunja taulo. Sasa nina chumba changu mwenyewe hapa Kondele, nyuma ya duka la fundi wa nguo. Seremala wa Otonglo amenitengenezea kitanda cha kimo changu, nisiwe nainama mchana kutwa. Wateja wangu wengi ni akina mama wa soko, hasa wauza samaki wanaobeba karai kichwani miaka nenda rudi mpaka shingo zinakaza kama mti. Chuoni walitufundisha kwamba mtu huona haya kuvua nguo mbele ya mkandaji, kwa hiyo tumzoeshe polepole. Hawa wangu hawana haya hata kidogo. Kuna mmoja, Mama Perez, muuza samaki wa mbuta, ameniambia, "Absalom, kwako mtu analala kama yuko peke yake nyumbani."

Sasa lililonifanya niandike. Manispaa imepitisha sheria ndogo kuhusu nyumba za masaji. Mjini kulikuwa na nyumba zilizoandika neno hilo mlangoni, na ndani zikafanya biashara nyingine. Watu wamelalamika mpaka madiwani wakaamua kwamba kila anayekanda mwili wa mtu kwa malipo awe na leseni. Mimi nimefurahi. Nitaweza kutundika leseni ukutani, na mtu akiingia ajue yuko wapi. Vyeti vya chuo ninavyo. Kilichobaki ni barua za tabia njema kutoka nyumbani, moja ya chifu na nyingine ya kanisa. Nakuomba unitafutie. Mchungaji ananikumbuka, nilikuwa naimba besi.

Barua zako nasomewa na jirani yangu, huyo huyo fundi wa nguo. Anasoma vizuri, hakimbii. Andika bila wasiwasi.

Ndugu yako,
Absalom

* * *

Homa Bay
20 Machi 1989

Kwa Absalom, mtoto wa mama yangu,

Tumepata barua yako na tumeisoma mezani watu wote wakisikia. Sisi ni wazima. Opiyo ameingia kidato cha kwanza na sasa anatusahihisha Kiingereza sote, hata baba yake ambaye ni mwalimu. Mvua imeanza, na mtama wa upande wa mto unaonekana utakubali mwaka huu. Mguu wa Joram umepona.

Na wewe unayemsomea ndugu yangu, pokea salamu zangu. Jina lako hakulitaja. Amesema tu fundi wa nguo, sasa sijui namsalimia bwana au bibi.

Absalom, barua ulizoomba bado. Chifu alikwenda Kisii kwenye mkutano, na Mchungaji ana shughuli za Pasaka. Tutaona. Hiyo kazi yako nimemweleza Joram, na tumeizungumza sana. Yeye ana rafiki katika ofisi moja ya serikali hapa Homa Bay. Mzee aliyekuwa anapokea simu anastaafu, na wanataka mtu asiyeona aliyesoma, kwa sababu watu kama wewe wanasikia vizuri na hawasahau namba. Ni kazi ya kukaa kwenye kiti, yenye mshahara kila mwezi na pensheni mbele. Ungekaa hapa kwetu. Kile chumba cha nyuma nimekwisha kukipaka chokaa, na nimeweka kitanda upande ambao jua halifiki.

Huko Kisumu unakula nini? Hukusema.

Dada yako,
Dorca

* * *

Kondele, Kisumu
30 Aprili 1989

Dada Dorca,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimefurahi kusikia habari za mtama na za mguu wa shemeji. Mwambie Opiyo aendelee kusahihisha watu wakati bado wanamcheka.

Anayenisomea anaitwa Lornah Apiyo. Ni mwanamke. Alipofika pale uliposema hujui kama ni bwana au bibi, alicheka mpaka akaweka barua chini. Kwao ni Awasi. Alikaa muda mrefu akimuuguza mama yake, na mama alipofariki akaja huku na cherehani yake. Anakusalimu. Chakula nakula vizuri.

Afisa wa leseni amekuja kukagua chumba. Anaitwa Bwana Seif, mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliingia akasimama.

"Bwana Absalom, taa iko wapi?"

"Taa ya nini?"

Nikasikia anafunua karatasi zake. "Sheria inataka chumba kiwe na mwanga wa kutosha."

"Mimi ninao wa kutosha."

Akacheka, na huko dukani nikasikia cherehani ya Lornah imesimama, naye anacheka. Lakini aliandika. Basi nimeweka taa, na kila anayeingia namuuliza kama inawaka. Alitaka pia komeo la ndani liondolewe, liondolewe kabisa, mlango ufunguke wakati wowote afisa akija. Akina mama hawakupenda. Tukakubaliana niweke pazia zito baada ya mlango, na Bwana Seif akapiga simu ofisini akarudi akasema pazia linaruhusiwa. Alitaka beseni, sabuni, shuka safi kwa kila mtu, na koti jeupe. Koti ameshona Lornah. Mabega yamekaa sawa sawa.

Kipo kifungu kimoja bado tunakizungumza, kuhusu mwanamume kukanda wanawake. Si kitu kikubwa. Wiki hizi nimepumzika kidogo, mikono nayo huhitaji likizo.

Mshukuru shemeji kwa habari ya simu. Nitafikiri. Zile barua za chifu na Mchungaji, tafadhali usizisahau.

Absalom

* * *

Homa Bay
28 Mei 1989

Absalom,

Salamu. Huku tu wazima, Mungu ametuangalia. Wadogo walipata surua ikapita. Joram amehamishiwa shule ya karibu zaidi, sasa anarudi nyumbani kula mchana na kuniuliza chumvi iko wapi.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka juu ya taa. Mara ya pili nikaona kwamba hakuna mteja hata mmoja ndani yake. Barua ya kwanza ilijaa akina mama na shingo zao. Hii ina beseni na pazia. Nikajiambia, huyu ananificha.

Jumatano Awuor alipita hapa. Yule mke wa Oketch, anayenunua dagaa wa omena huku na kuuza soko la Kibuye huko kwenu. Nilimuuliza kama anajua chumba chako. Akaangalia chini. Nikamwambia, "Awuor, sema." Akasema mlango una kufuli la manispaa tangu kabla ya Pasaka.

Kabla ya Pasaka, Absalom. Ulipoandika juu ya koti kukaa mabegani, ulikuwa umekwisha kufungiwa. Macho yako yalipougua ulikuwa mtoto wa darasa la nne, na mimi ndiye nilikupeleka kila mahali, kisimani, kanisani, kwa daktari wa Kisii aliyetuambia turudi nyumbani. Hukunificha jambo wakati huo. Kama hali ni hii, njoo. Ile kazi ya simu bado hawajampa mtu.

Na lingine nakuuliza wazi, mimi dada yako, kwa sababu mama hayupo wa kukuuliza. Huyo Lornah anakushonea koti, anakusomea barua, na naona hata chakula unachosema unakula vizuri hujasema nani anapika. Ana mume? Ana nia gani na wewe? Na wewe je? Kama yeye ndiye anayekuzuia kurudi nyumbani, niambie, nijue ninashindana na nini.

Chifu amerudi kutoka Kisii. Nitaona.

Dorca

* * *

Kondele, Kisumu
2 Julai 1989

Dada Dorca,

Nakusalimu kwa heshima na kwa aibu kidogo. Pole kwa surua ya watoto. Ni kweli, walinifungia. Sikutaka ujue kabla sijajua mwenyewe mwisho wake utakuwa nini. Nilijua ungesema njoo, nami siku zile ningekuja.

Basi nikueleze yote. Kifungu kinasema mwanamume asimkande mwanamke, wala mwanamke asimkande mwanamume. Bwana Seif alikuja mwenyewe na kufuli, akaniomba radhi akiwa analifunga. Alisema kama nitakanda wanaume tu anaweza kunifungulia siku hiyo hiyo. Lakini wanaume wanaokuja kwangu ni makuli wachache, na wao huja wakiwa wameumia kabisa. Chumba hakiwezi kusimama juu yao. Tangu hapo nimekaa dukani kwa Lornah nikipiga pasi nguo alizoshona na kutia vifungo. Vifungo navitia vizuri kuliko yeye, mwenyewe amekiri.

Mwezi uliopita kamati ya afya ya manispaa ilikubali kunisikiliza. Lornah alinipeleka. Tulipofika tukamkuta Mama Perez na wauza samaki wenzake wamekwisha kukaa kwenye benchi la mbele, na ukumbi mzima unanuka soko. Mwenyekiti, diwani mmoja mtu mzima, akawauliza wamefuata nini.

Mama Perez akasimama. "Tumekuja kuuliza shingo zetu zimeikosea nini manispaa."

"Mama, sheria hii inawalinda ninyi."

"Inatulinda na nani?"

"Na wanaume wabaya."

"Huyu tunamjua. Wabaya pia tunawajua, na kufuli lao silioni."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akangoja wanyamaze. Akasema, "Leo amekuja Absalom, ambaye kweli haoni. Nikimruhusu kwa sababu hiyo, kesho atakuja mwingine amevaa miwani nyeusi. Nitamjuaje? Na hata huyu, kutoona kunamfanya malaika?"

Dada, wote walinung'unika, lakini mimi niliona amesema kweli. Nikaomba kusimama. Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, sikuja kuomba mnihurumie macho. Mimi ni mkandaji, nimesomea. Nipeni sharti ambalo mkandaji yeyote mwaminifu anaweza kulitimiza, anayeona na asiyeona, nami nitalitimiza."

Nikamsikia anaongea na daktari wa manispaa kwa sauti ya chini. Kisha akasema turudi Septemba, na Bwana Seif alete pendekezo. Pia akasema faili langu halina barua za nyumbani, na bila hizo hakuna pendekezo litakalosomwa.

Sasa kuhusu kazi ya simu. Sitaki, dada. Naijua, rafiki zangu wa chuo wanaifanya. Wanakaa kwenye kiti na kuunganisha watu wengine wazungumze. Mimi nimezoea mtu aingie anachechemea atoke anatembea. Mwambie shemeji asinione sina shukrani.

Lornah anakusalimu sana.

Absalom

* * *

Homa Bay
6 Agosti 1989

Absalom ndugu yangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Mtama umevunwa, si mbaya. Chumba cha nyuma nimeweka magunia.

Nakutumia barua ya chifu ndani ya bahasha hii, yenye mhuri. Nikueleze ilivyopatikana, kwa sababu Joram anacheka kila akikumbuka na utasikia kwa wengine.

Nilikwenda kwa chifu siku ya wazee, barazani. Nikasema nataka barua ya tabia njema ya ndugu yangu Absalom. Akauliza ya nini. Nikasema ni ya kazi. Kazi gani? Nikasema, ya mikono. Akaweka kalamu. "Mama Opiyo, kila mtu hufanya kazi ya mikono. Sema nijue ninaandika nini."

Wazee wote wananiangalia. Neno hilo, Absalom, nilikuwa sijalitamka tangu uliporudi kutoka chuo. Mwaka juzi mke wa Mchungaji aliniuliza mbele ya akina mama kama ni kweli ndugu yangu anafanya kazi ya nyumba zile za mjini, nami tangu siku hiyo nikawa nasema "kazi yake" na kuishia hapo. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni. Nikafikiri, yeye amesimama mbele ya madiwani, mimi nashindwa na wazee wanaokunywa chai?

Nikasema, "Ni masaji, Chifu. Ni kukanda. Ulipoanguka na baiskeli ya baba yako ukateguka bega, ni nani alikukanda?"

"Nyanya yangu."

"Na ulivaa shati?"

Wazee wakacheka, na yeye akacheka, akaandika. Akaandika ukurasa mzima, hata ameweka kwamba baba yetu alikuwa mtu wa kweli.

Mchungaji bado. Amesema atafikiri. Lakini mzee Absalom wa kanisa, yule mliyepewa jina moja, ameandika yake kama mzee wa kanisa na kutia sahihi. Jaribu hiyo.

Sasa. Katika barua ya Mei nilikuuliza jambo na hukulijibu. Umejibu kufuli, umejibu simu, umejibu hata salamu za surua. Wewe hukosi kujibu swali langu, hata likikuudhi. Kwa hiyo nadhani hukusomewa.

Lornah, binti yangu, sisemi kwa ubaya. Najua ni vigumu mtu kusoma kwa sauti maneno yanayomhusu mwenyewe. Lakini leo nakuomba umsomee kipande hiki, na kile cha Mei pia, kama bado mnayo.

Dorca

* * *

Kondele, Kisumu
24 Septemba 1989

Dada Dorca,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Barua za chifu na za mzee Absalom zimefika na zimeingia faili. Bwana Seif amesoma ya chifu mbele yetu, na alipofika kwa yule nyanya aliyemkanda bega alicheka mpaka akavua miwani.

Nikuambie jinsi barua yako ilivyosomwa. Lornah alisoma vizuri mpaka mwisho wa habari za mzee Absalom. Kisha nikasikia ameiweka barua juu ya cherehani. Nikadhani kuna mteja ameingia.

Nikamuuliza, "Imeisha?"

"Haijaisha."

"Basi?"

"Kuna mahali panasema Lornah."

Akasoma, polepole, kila neno. Halafu akafungua droo ya uzi, akatoa ile ya Mei, akasoma kile kipande ulichosema. Nilisikia mwenyewe: ana mume, ana nia gani, na wewe je. Alipomaliza akasema, "Siku ile niliruka. Nilisema dada anauliza habari za chakula, na hiyo ilikuwa kweli kidogo."

"Kwa nini uliruka?"

"Kama ningesoma, ungelazimika kujibu nikiwa hapa. Na kama ungejibu vibaya, ningefanya nini? Duka langu liko mbele ya chumba chako."

Nikamwambia sasa amesoma, na bado yuko hapa.

"Ndiyo," akasema. "Sasa ujibu."

Dada, jibu langu nilimpa yeye kwanza, na utanisamehe kwa hilo. Wewe nakupa la pili. Hana mume. Anapika yeye. Hakunizuia kurudi nyumbani, wala hakunisihi nibaki. Nimebaki mwenyewe kwa sababu asubuhi nikisikia anafungua mbao za duka lake, siku yangu inakuwa imeanza.

Kamati ilikutana mwanzoni mwa mwezi huu. Pendekezo la Bwana Seif lilikuwa hivi: mkandaji mwanamume aweza kumkanda mwanamke ikiwa mwanamke aliyesajiliwa na manispaa yumo chumbani muda wote, na mteja akubali mwenyewe. Na mkandaji mwanamke na mteja mwanamume hivyo hivyo. Mwenyekiti alisema hilo ni sharti la watu wote, halina macho ndani yake, na akatazama upande wangu, ndivyo Lornah alivyoniambia. Wakapitisha.

Bwana Seif akauliza kama nina mwanamke wa kusajiliwa. Lornah akasema yupo yeye, lakini hatakaa humo kama askari wa zamu akimtazama mama wa watu amelala. "Nifundishwe na mimi nikande," akasema. "Nisajiliwe kama mkandaji." Wakamwambia ataulizwa maswali na muuguzi wa zahanati. Kwa hiyo jioni tukifunga duka namfundisha. Anaanza kwa mkono wangu, kutoka kiwiko kuja kwenye kifundo. Mwanzoni alikuwa anabonyeza kama anakanda unga, nikamwambia mtu si chapati. Sasa anajua kungoja msuli ulegee wenyewe. Jumanne alimkanda Mama Perez huku mimi nimesimama pembeni, na Mama Perez akalala usingizi akakoroma. Muuguzi amempitisha. Kufuli limetolewa na leseni inaandikwa, majina mawili.

Nakuomba uzungumze na shemeji na wazee. Nataka waende Awasi kwa baba yake mdogo, waseme yanayosemwa. Najua umekipaka chokaa kile chumba. Sikusahau hata siku moja.

Absalom

* * *

Homa Bay
5 Novemba 1989

Kwa Lornah Apiyo, Kondele,

Barua hii ni yako. Ndugu yangu nitamwandikia yake.

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu watu wa nyumbani kwenu Awasi. Sisi hatujambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta wazee watakaokwenda kwenu, na kila mmoja alikuwa na shamba lake la kupalilia. Wamepatikana. Joram atawaongoza, na mzee Absalom amesema hata kama mgongo unamuuma atakwenda. Mchungaji naye amesema atafungisha ndoa, mkitaka iwe huku. Amekubali bila mimi kumwomba mara ya pili. Nadhani amesikia habari za chifu.

Watakuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Mwambie baba yako mdogo wasipike vitu vingi, kuku wawili wanatosha. Mimi nitakuja nao. Nataka tuonane kabla watu hawajajaa, ili nijue sauti yako bila kuisoma.

Yapo mambo ambayo yeye hatakuambia, kwa sababu hajui kwamba anayafanya. Akinyamaza muda mrefu, usimuulize ana nini, atasema hakuna. Mpe kitu cha kufanya na mikono, kidogo tu atasema mwenyewe. Samaki wa kukaanga anakula, lakini mwambie mkia uko upande gani wa sahani. Usihamishe kiti bila kumwambia, hata kwa kufagia. Akiumwa malaria hulia kama mtoto na kesho yake hukana.

Mkitembea, usimshike mkono kumvuta. Watu wote humvuta, hata wazee wa kanisa, na yeye hasemi neno, lakini hakuna kitu anachokichukia kama hicho. Wewe simama karibu, utoe kiwiko chako kidogo upande wake, kisha nyamaza. Atakitafuta mwenyewe. Akikishika, nenda.

Dada yenu,
Dorca